Jinsi ya Kusafiri, Kuishi na Kuwekeza katika Kijiji cha Milimani Flores, Indonesia: Mwongozo Kamili

Wageni wengi wanaotafuta makazi au uwekezaji katika vijiji vya mbali vya Indonesia hukwama mahali pale pale: hutoa pesa kabla ya kujua nani ana haki ya kuzipokea. Ardhi hununuliwa kwa jina la rafiki mwenyeji, mkuu wa kijiji huandika karatasi na kugonga muhuri, nyumba hujengwa, na baada ya muda mwenye pesa hugundua kwamba kisheria hana chochote.

Mwongozo huu umepangwa ili pesa zije mwishoni. Eneo lililochaguliwa ni Manggarai, magharibi mwa kisiwa cha Flores, katika mkoa wa Nusa Tenggara Timur, ambako mila za ardhi zingali na nguvu kubwa. Sheria za taifa zinazotajwa hapa zinatumika Indonesia nzima, ila mila hutofautiana kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, hivyo anayeelekea Sumba au Sulawesi asichukue maelezo ya mila yaliyomo humu kama yalivyo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Pasipoti iliyobakiza angalau miezi 6 kabla ya kwisha muda wake, pamoja na nakala kadhaa za karatasi.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Indonesia humdai msafiri anayetoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.
- Chanjo ya kichaa cha mbwa, na ushauri wa daktari kuhusu kinga ya malaria. Sababu zimeelezwa katika hatua ya 4.
- Bima ya afya inayogharamia kuhamishwa mgonjwa kwa ndege.
- Rupia taslimu za kutosha wiki kadhaa, nyingi zikiwa noti ndogo. Mashine za kutolea pesa zipo Labuan Bajo, mji wa bandari, na Ruteng, mji wa milimani. Vijijini hutegemewa mawakala wa benki, ambao huenda wasiwe na salio.
- Sweta na koti la mvua. Mji wa Ruteng uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake humshangaza mtu aliyezoea Tanga au Mombasa.
- Kiindonesia cha kuombea maji, kuulizia njia na kushukuru. Kiingereza huishia bandarini.
- Mtu wa kukupokea, anayefahamika kijijini. Usipokuwa naye, mtafute Ruteng kabla ya kupanda mlima.

## Hatua ya 1: Chagua viza inayolingana na shughuli yako

Viza ya kuwasili hutolewa kwa raia wa nchi zilizomo katika orodha maalumu. Ada yake ni rupia 500,000, muda wake ni siku 30, na huongezwa mara moja tu kwa siku 30 nyingine. Angalia kwenye tovuti rasmi ya Uhamiaji wa Indonesia kama nchi yako imo kwenye orodha kabla ya kukata tiketi, kwa maana orodha hiyo hubadilishwa. Anayetaka kukaa kijijini kwa muda mrefu zaidi huomba kabla ya safari viza ya matembezi ya siku 60, ambayo inaweza kuongezwa hadi jumla ya siku 180.

Hakuna kati ya viza hizo inayoruhusu kazi ya malipo au uendeshaji wa biashara. Kusimamia ujenzi, kupokea wageni kwa malipo au kuuza kahawa kwa viza ya matembezi ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5 na faini ya rupia milioni 500. Kupitiliza muda hutozwa rupia milioni 1 kwa kila siku, na anayepitiliza zaidi ya siku 60 hufukuzwa nchini na kupigwa marufuku kurudi.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza ofisa wa uhamiaji kwa sentensi moja unakwenda kufanya nini, na sentensi hiyo inalingana na viza uliyo nayo.

## Hatua ya 2: Fika kijijini bila kuharakisha

Kutoka Afrika Mashariki au nchi za Ghuba utapitia miji kama Doha, Dubai au Addis Ababa hadi Jakarta au Bali, kisha ndege ya ndani hadi Labuan Bajo. Saa za Flores zimetangulia saa za Afrika Mashariki kwa saa 5. Usipange kuunganisha ndege ya kimataifa na ya ndani kwa pengo la saa mbili au tatu. Safari za ndani huahirishwa mara kwa mara, na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazilindani.

Laini ya Telkomsel ndiyo yenye mtandao mpana zaidi vijijini. Simu iliyonunuliwa nje ya nchi hufungiwa mtandao wa Indonesia ikiwa namba yake ya IMEI haijasajiliwa. Mtalii husajiliwa na kampuni ya simu kwa siku 90, na anayekaa zaidi husajili kwa forodha na kulipia ushuru unaompasa.

Labuan Bajo hadi Ruteng ni kama kilomita 130 za kona, na gari hutumia takriban saa 4. Chagua gari la abiria la kuchangia, ambalo wenyeji huliita *travel*, badala ya kukodi pikipiki ukiwa mgeni wa barabara hizo. Kutoka Ruteng kwenda ndani zaidi kuna malori yaliyofungwa mabenchi ya mbao, yaitwayo *oto kayu*, na pikipiki za *ojek*. Anayetoka Pemba atatambua pua yake ikimrudisha nyumbani msimu wa karafuu, kwani huanikwa kandokando ya barabara.

Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na maporomoko ya udongo hufunga barabara. Kwa safari ya kwanza chagua Mei hadi Septemba.

## Hatua ya 3: Jitambulishe kwa serikali na kwa mila

Kila kijiji cha Manggarai kina uongozi wa aina mbili, na kosa la kawaida ni kuushughulikia mmoja tu.

Uongozi wa kwanza ni wa serikali. *Desa* ni kijiji, *dusun* ni kitongoji, na chini yake kuna *RT*, ambayo Mtanzania anaweza kuifananisha na nyumba kumi na balozi wake. Mgeni anayelala kijijini hutakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Ndiyo maana ya vibao vingi utakavyoona vimeandikwa *tamu wajib lapor*. Nenda na pasipoti yako na nakala yake. Mwenye nyumba anayekupokea naye anawajibika kutoa taarifa zako kwa Uhamiaji zikihitajika, hivyo usimfiche chochote.

Uongozi wa pili ni wa mila. *Tu'a golo* ni mkuu wa kimila wa kijiji, na *tu'a teno* ndiye msimamizi wa ugawaji wa ardhi ya ukoo. Vikao vyao hufanyika katika *mbaru gendang*, nyumba ya ngoma. Mgeni huingizwa humo, huzungumziwa mbele ya mizimu ya wahenga, na hupokewa kwa kuku na *tuak*, yaani tembo linalogemwa kwenye mti wa jamii ya mnazi, ambalo siku hizi mara nyingi huwakilishwa na chupa ya bia. Mgeni naye hutoa pesa kidogo. Kiasi usikikisie, muulize mwenyeji wako faraghani kabla ya kuingia, kwa sababu kutoa kingi kupita kiasi kunakutambulisha kuwa mnunuzi wa ardhi tangu siku ya kwanza.

Kijiji cha Wae Rebo, kilichopata tuzo ya UNESCO ya Asia na Pasifiki ya uhifadhi wa urithi mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kujifunza utaratibu huu. Hufikiwa kwa kupanda mlima kwa miguu saa 2 hadi 3 kutoka Denge, na mgeni hapigi picha yoyote kabla ya kupokewa katika nyumba kuu kati ya nyumba zake 7 za msonge.

Wakazi wengi wa Flores ni Wakatoliki, na nguruwe na mbwa huliwa. Waislamu wapo, hasa pwani. Msomaji Mwislamu amwambie mwenyeji mapema kwamba hanywi tembo na kwamba angependa kuku achinjwe na Mwislamu. Neno likisemwa mapema halimuudhi mtu; likisemwa sinia likiwa limekwisha kuwekwa, linamfedhehesha mama wa nyumba.

Tahadhari: katikati ya uwanja wa kijiji kuna jukwaa la mawe liitwalo *compang*. Ni mahali pa kutolea sadaka. Usilikanyage wala usilikalie, hata kama watoto wanacheza karibu yake.

Umefaulu ikiwa watu wasiokujua wanaanza kukuuliza umefikia kwa nani, na jina unalotaja linawatosheleza.

## Hatua ya 4: Ishi kwanza, angalau msimu mmoja wa kilimo

Panga chumba katika nyumba ya familia. Kulipia chumba na chakula kwa wiki ni bora kuliko kulipia kila usiku, kwa kuwa familia inaweza kununua mchele wa kutosha. Utakula wali mara mbili au tatu kwa siku, pamoja na mboga ambazo hazitakuwa ngeni kwako, kisamvu kikiwa cha kwanza. Kuoga ni kwa kuchota maji kwa kopo kutoka kwenye tangi, na mtu haingii ndani ya tangi hilo.

Mwite mwanaume mtu mzima *Bapak* na mwanamke *Ibu*. Mkishazoeana utasikia *Ema* na *Ende*, baba na mama kwa Kimanggarai, na hapo unaweza kufuata wanavyosema wao.

Kichaa cha mbwa ndicho kitu ninachokisisitiza kuliko vingine katika upande wa afya, kwa sababu wageni hukipuuza wakihofia mbu peke yake. Ugonjwa huo uliingia Flores mwaka 1997 na haujatoka. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda siku hiyo hiyo *puskesmas*, kituo cha afya cha tarafa, hata kama ulikwisha chanjwa. Uliza kituo kilipo na kama kina chanjo kabla hujaihitaji. Malaria ipo zaidi maeneo ya chini na pwani. Usitegemee kinga uliyojijengea nyumbani.

Umeme mwingi hulipiwa kwa tokeni na hukatika. Hilo utalizoea siku ya pili.

Sababu ya kukaa msimu mzima ni kwamba mambo yanayoamua hatima ya uwekezaji wako hayaonekani kwa mtalii: chemchemi ipi hukauka Oktoba, familia zipi hazisemezani kwa sababu ya mpaka, nani anamdai nani. Ukikaa kimya na kusaidia kuchuma kahawa, utayasikia yote bila kuuliza.

## Hatua ya 5: Jua ardhi ni ya nani

Hapa ndipo wengi huanguka, hivyo nenda polepole.

Ardhi ya ukoo ya Manggarai huitwa *lingko*. Kwa asili ni eneo la duara lililogawanywa kuanzia kitovu kiitwacho *lodok*, na kila familia hupata kipande kinachopanuka kuelekea ukingoni; ukisimama juu ya kilima huko Cancar, karibu na Ruteng, utaona mashamba ya mpunga yaliyotandazwa kama utando wa buibui. Ukubwa wa kipande hutegemea nafasi ya familia katika ukoo. Kwa hiyo mtu anayekuonyesha shamba na kusema "hili ni langu" anaweza kuwa anasema kweli kuhusu kulima, bila kuwa na haki ya kumpa mgeni.

Ipo njia ya kimila ya mtu wa nje kuomba ardhi, iitwayo *kapu manuk lele tuak*, ambapo mwombaji hufika mbele ya wazee na kuku na tuak. Si tamthilia ya watalii. Ikifanyika, wanakijiji huihesabu kuwa kitendo chenye nguvu, lakini peke yake haikupi hati inayotambuliwa na ofisi ya ardhi ya taifa, *BPN*. Ubaya mwingine ni kwamba ardhi ile ile inaweza kudaiwa na mtu mwenye hati na mwingine aliyeipata kwa kuku na tuak. Unahitaji pande zote mbili zikubaliane kabla ya kuweka jiwe.

Fanya ukaguzi kwa mpangilio huu:

1. Zungumza na tu'a golo na tu'a teno mkiwa na mwenyeji wako, na uulize ardhi ilipatikanaje na nani wanapakana nayo.
2. Tembea mpakani pamoja na majirani wote wa kipande hicho. Jirani akikataa kuja, simamisha shughuli hadi ujue kwa nini.
3. Omba kuona *sertifikat* halisi ya BPN. Barua ya mkuu wa kijiji, risiti ya kodi ya ardhi, au karatasi za zamani kama *girik* na *Letter C* si hati za umiliki.
4. Peleka namba ya hati kwa *PPAT*, ofisa aliyeidhinishwa kuandaa hati za ardhi, aikague katika ofisi ya BPN ya wilaya. Programu ya simu ya Sentuh Tanahku inasaidia kutazama, ila haichukui nafasi ya ukaguzi huo.
5. Uliza kuhusu mpaka wa msitu wa serikali.

La tano husahaulika kwa sababu kwa macho hakuna mpaka, ni mibuni tu. Serikali iliwahi kukata kahawa ya wakulima wa Colol ikidai imo ndani ya msitu, na maandamano yaliyofuata mjini Ruteng mwaka 2004 yaliishia kwa polisi kufyatua risasi na kuua wakulima. Ikiwa wenyeji waliolima hapo kwa vizazi walipatwa na hayo, mgeni hana hoja yoyote ya kujitetea.

Umefaulu ikiwa wazee, majirani na kumbukumbu za BPN wanataja jina lile lile. Wakitaja majina mawili, tafuta kipande kingine.

## Hatua ya 6: Chagua njia inayokubalika kisheria

Sheria ya msingi ya ardhi ni Namba 5 ya mwaka 1960. Umiliki kamili, *Hak Milik*, ni wa raia wa Indonesia tu. Kifungu cha 26 kinasema kwamba mkataba unaolenga kumhamishia mgeni umiliki huo, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni batili. Ardhi huangukia mikononi mwa serikali, na pesa zilizolipwa haziwezi kudaiwa. Yaani hata rafiki akibaki mwaminifu, mpango wa kutumia jina lake umekufa tangu siku uliposainiwa. Wapo mawakala watakaokuandalia mikataba minne ya kuficha jambo hilo. Wingi wa karatasi hauiponyi batili.

Zilizobaki ni hizi. Mgeni anayeishi Indonesia kihalali anaweza kukodi ardhi kwa ajili ya jengo, au kupata haki ya kutumia, *Hak Pakai*, kwa nyumba ya kuishi. Mkataba wa kukodi uandaliwe mbele ya *notaris*, yaani ofisa wa kuthibitisha mikataba, usainiwe na mwenye ardhi pamoja na mwenzi wake wa ndoa, na warithi watu wazima washuhudie. Utaje nani anabaki na jengo muda ukiisha, na nani analipa kodi ya pango ya asilimia 10. Lipa kwa benki, si kwa bahasha.

Kampuni ya mwekezaji wa kigeni, *PT PMA*, inaweza kushika haki ya kujenga, *Hak Guna Bangunan*. Hata hivyo, kampuni hiyo huhesabiwa kuwa biashara kubwa: mpango wake wa uwekezaji lazima uzidi rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo. Biashara ndogo zimeachiwa wenyeji. Kwa anayewazia vyumba vinne vya wageni, njia hii haifai.

Aliyeoa au kuolewa na raia wa Indonesia awe na mkataba wa kutenganisha mali. Bila huo, ardhi huchukuliwa kuwa ya wote wawili, na haki ya mwenyeji kuimiliki huingia mashakani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016, mkataba huo unaweza kufanywa hata baada ya ndoa.

Tena, usimtumie rafiki wa Jakarta kununua shamba. Sheria inakataza hata raia kumiliki ardhi ya kilimo iliyo nje ya tarafa anamoishi.

## Hatua ya 7: Wekeza katika zao kabla ya ardhi

Kwa maoni yangu mgeni mwenye mtaji wa kawaida hahitaji ardhi kabisa. Awe mnunuzi wa nje, kwa mfano mfanyabiashara aliyeko Muscat au Dubai, anayenunua kahawa kupitia ushirika wa wakulima na kampuni ya Kiindonesia yenye kibali cha kusafirisha. Hapo hahitaji kampuni nchini wala hati ya shamba.

Tatizo la wakulima wengi linafahamika Kagera kwa jina la butura: kuuza kahawa ikiwa bado mtini ili kupata pesa ya ada au msiba. Huko huitwa *ijon*. Aliyekwisha kuuza namna hiyo huchuma mbichi na mbivu pamoja, kwa sababu ubora hautamletea nyongeza yoyote.

Anza hivi: kubalianeni kabla ya mavuno, ambayo kwa arabika huwa takriban Mei hadi Agosti, kwamba utanunua tunda jekundu tu kwa bei inayozidi ya soko la Ruteng, na malipo yafanyike siku ya kupima. Kilo 1 ya kahawa safi huhitaji takriban kilo 5 hadi 7 za matunda, hivyo piga hesabu kwa matunda, si kwa ndoto. Nunua kipimo cha unyevu na uwaachie. Kahawa iliyozidi asilimia 12 au 13 hupata ukungu njiani.

Tahadhari: usitoe mkopo kwa mtu mmoja mmoja. Utageuka kuwa mwenye ijon mpya, na kijiji kitakuita hivyo.

Umefaulu ikiwa msimu wa pili wakulima wanakuletea tunda jekundu bila kukaguliwa, na wengine wanauliza kama wanaweza kujiunga.

## Hatua ya 8: Panga njia ya kutoka

Flores ina volkano hai na matetemeko. Mlipuko wa Lewotobi Laki-laki wa Novemba 2024 uliua watu mashariki mwa kisiwa, na majivu yake yalisimamisha ndege hadi Bali. Fuatilia matangazo ya BMKG, idara ya serikali ya hali ya hewa na mitetemo ya ardhi, kuhusu matetemeko na tsunami, na Magma Indonesia kuhusu volkano. Ukiwa pwani na ardhi ikatetemeka kwa muda mrefu, panda juu bila kusubiri king'ora. Tsunami ya Desemba 1992 iliwafikia watu wa Maumere ndani ya dakika chache.

Weka akiba ya pesa za wiki mbili zaidi, na siku kadhaa kati ya kushuka mlimani na mwisho wa viza. Uwanja ukifungwa, kuna feri kutoka Labuan Bajo hadi Sape, kisha basi kuvuka Sumbawa na feri nyingine hadi Lombok. Kabla ya kuondoka, mwachie tu'a golo na mkuu wa kijiji nakala ya kila mkataba uliosaini, na uage katika nyumba ya ngoma kama ulivyoingia.